Kutumia Data za Kijenetiki Kusimamia Ndege Walio Hatarini Kutoweka Wanaofugwa: Mwongozo Kamili

Kundi dogo la ndege wanaofugwa hupoteza urithi wake wa kijenetiki kimyakimya. Ndege wanakula, wanataga, makinda wanatotolewa, idadi inapanda mwaka hadi mwaka, na bado kila kizazi huondoka na sehemu ya aleli, yaani matoleo mbalimbali ya jeni, ambazo hazitarudi, kwa kuwa mara nyingi hakuna tena kundi la mwituni la kuzirudisha. Kasi ya upotevu huo haitegemei idadi ya vichwa vilivyomo vizimbani, bali idadi fanisi ya kundi, yaani idadi ya ndege ambao kwa kweli wanachangia kizazi kijacho. Chukua ndege 20. Ikiwa madume 10 na majike 10 wote wanazaa kwa usawa, idadi fanisi inakaribia 20, na baada ya vizazi vitano kundi linabaki na takriban asilimia 88 ya anuwai lililoanza nayo. Ikiwa madume wawili tu ndio wanaowapanda majike 18, hesabu inabadilika: zidisha idadi ya madume kwa ya majike, zidisha tena kwa nne, kisha gawanya kwa jumla yao, nawe utapata 7.2. Kundi hilo hilo la ndege 20 litabaki na asilimia 70 hivi baada ya vizazi vitano, ingawa mtu anayehesabu vichwa hataona tofauti yoyote.

Lengo linalotumiwa na programu nyingi za uzalishaji ni kubakiza asilimia 90 ya anuwai ya waasisi, yaani ndege wa kwanza walioanzisha kundi, kwa miaka 100. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutumia data za kijenetiki kulifikia lengo hilo, au kulikaribia kadiri hali inavyoruhusu. Umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa kitabu cha nasaba, daktari wa wanyama, na mtunza ndege anayeshika ndege kwa mikono yake, kwa sababu kazi hii huharibika mara nyingi zaidi kizimbani na kwenye daftari kuliko maabara.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kuchukua sampuli

Maabara inaweza kukurudishia faili kubwa mno lisilobadilisha uamuzi wako hata mmoja. Kwa hiyo anza na uamuzi unaokukabili. Je, hujui jinsia ya ndege ambao dume na jike wao wanafanana? Je, kuna makinda ambao baba yao ana shaka? Je, waasisi waliokamatwa katika bonde moja walikuwa ndugu? Je, unahofia kwamba damu ya spishi nyingine imeingia kundini? Je, unatafuta chanzo cha ugonjwa wa kurithi unaoua makinda ndani ya yai? Kila swali lina aina yake ya data. Swali la jinsia humalizwa na kipimo kimoja chepesi, ilhali swali la aleli zenye madhara huenda likahitaji jenomu nzima, yaani DNA yote ya ndege. Ninasisitiza hatua hii kwa sababu programu ndogo zina fedha chache, na fedha zikitumika kusoma jenomu za ndege ambao hata namba zao za pete hazina uhakika, zimepotea.

Hatua ya pili: safisha kitabu cha nasaba

Kitabu cha nasaba ndicho mgongo wa kazi yote, nacho sharti kikaguliwe kabla ya data yoyote ya DNA kuingizwa. Kila ndege awe na namba moja ya kudumu isiyorudiwa kamwe, hata baada ya kifo chake. Karibu na namba hiyo ziandikwe pete zote alizowahi kuvaa, tarehe aliyototolewa, mama, baba, kila kizimba alichohamia, na tarehe pamoja na sababu ya kifo. Taasisi nyingi huhifadhi kumbukumbu hizi katika mfumo wa ZIMS na kufanya hesabu zake kwa programu ya kompyuta ya PMx, lakini kompyuta haiwezi kutibu kumbukumbu ya uongo.

Mzazi asiyejulikana aandikwe kuwa hajulikani. Ukiandika jina la dume kwa kukisia, kwa kuwa ndiye aliyeonekana zaidi karibu na kiota, kisio hilo litageuka kuwa ukweli mara tu litakapoingia kwenye hesabu, na miaka 20 baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba lilikuwa kisio. Jambo lililo salama ni kuandika orodha ya madume wote waliokuwa kizimbani siku 30 au zaidi kabla ya yai kutagwa, na muda huo urefushwe kulingana na spishi, kwa sababu ndege jike ana vijifuko vya kuhifadhi mbegu za dume, na anaweza kutaga yai lililorutubishwa hata baada ya dume kuondolewa.

Kuna mahali pawili ambapo nasaba huchanganyika zaidi kuliko pengine popote. Pa kwanza ni mashine ya kutotolesha mayai. Mayai ya majozi matatu yakilazwa kwenye trei moja na makinda wakatoka usiku, asubuhi kuna makinda na maganda, lakini hakuna mwenye uhakika kinda yupi ametoka ganda lipi. Andika namba ya jozi juu ya yai kwa penseli laini siku linapookotwa, na siku tatu kabla ya kutotolewa weka kila yai ndani ya kikapu chake chenye kifuniko. Pa pili ni wakati wa kubadilisha pete, kwa kuwa pete ya plastiki hupasuka, ndege wawili hukutwa hawana pete siku moja, na mtu huwavisha kwa kumbukumbu ya macho. Kipimo cha DNA kitagundua makosa ya namna hiyo, lakini ni nafuu zaidi kuyazuia.

Korongo mweupe wa Amerika ya Kaskazini, Grus americana, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amebakiza ndege wasiozidi 22, ni mfano mzuri wa kazi hii. Kitabu chake cha nasaba kilirekebishwa kwa kuunganisha kumbukumbu za pete na alama za DNA, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya ndege na ndege, chanzo kimoja kikisahihisha kingine. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, kwa maana DNA haitafsiriki bila daftari, na daftari peke yake haliwezi kujithibitisha.

Hatua ya tatu: chukua sampuli bila kumdhuru ndege

Chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, tofauti na zetu, na kwa hiyo tone dogo la damu lina DNA nyingi kuliko utakavyohitaji. Mikrolita 50 hadi 100 zinatosha kwa vipimo vya miaka mingi. Kanuni ya tahadhari ni kutozidisha asilimia moja ya uzito wa mwili. Ndege wa gramu 100 hapaswi kutolewa zaidi ya mililita moja, nawe unahitaji sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho.

Kwa spishi nyingi damu huchukuliwa kwenye mshipa wa bawa unaopita juu ya kiwiko kwa upande wa ndani. Mtu wa kwanza humshika ndege, mgongo ukiwa chini na bawa moja limekunjuliwa, bila kubana kifua, kwa kuwa ndege hupumua kwa kupanua kidari na akibanwa hufa mikononi. Mtu wa pili hulainisha manyoya madogo kwa pamba yenye ethanoli hadi mshipa uonekane, huuchoma kwa sindano nyembamba, na kuliacha tone lipande lenyewe ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Kisha hukandamiza pamba kavu juu ya tundu kwa dakika moja nzima, ahesabu, asikisie, kwa sababu mshipa huo huvimba na kuvilia damu upesi. Wakati huo mtu wa kwanza husoma pete kwa sauti, wa pili hurudia namba aliyoisikia huku akiiandika kwenye kichupa, na kichupa husomwa tena kabla ndege hajaachiwa. Usomaji huo wa mara mbili unaonekana kama jambo dogo, lakini makosa ya lebo ndiyo yanayotia watu katika miezi ya kutafuta baba ambaye hakuwahi kupotea.

Hifadhi damu katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, au katika kimiminika cha kuhifadhia DNA, au uitone juu ya karatasi maalumu ya kukaushia damu. Tumia penseli au wino usioyeyuka katika ethanoli. Gawanya kila sampuli mara mbili na uweke sehemu ya pili katika jengo jingine.

Pale ambapo kumshika ndege ni hatari, yapo mengine ya kutumia: unyoya uliong'olewa ukiwa bado na shina lenye damu, utando ulio ndani ya ganda la yai, au pamba iliyopitishwa mdomoni. Unyoya uliookotwa chini hutoa DNA hafifu, na matokeo yake yachukuliwe kwa tahadhari. Usitupe mayai viza. Kiinitete kilichokufa siku ya kumi kina habari ambazo ndege walio hai hawawezi kukupa, kwani aleli zinazoua kabla ya kutotolewa huonekana humo tu. Ndege waliokufa na waliohifadhiwa katika makumbusho nao wana thamani kubwa, maana kipande kidogo cha ngozi ya chini ya kidole kinaweza kuonyesha anuwai iliyokuwapo kabla ya spishi kuanguka.

Kabla ya kutuma sampuli nje ya nchi, pata vibali. Damu na manyoya ya spishi zilizo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, huhesabiwa sawa na ndege mwenyewe, na nchi nyingi pia hutekeleza Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki.

Hatua ya nne: tambua jinsia

Katika ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W, na dume ana Z mbili. Jeni iitwayo CHD1 ipo kwenye kromosomu zote mbili, lakini urefu wa sehemu zake hutofautiana, hivyo kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, huonyesha mistari miwili kwa jike na mmoja kwa dume. Hatari yake iko wazi: sampuli hafifu ya jike inaweza kupoteza mstari mmoja ikasomeka kuwa dume. Kila tokeo la dume kutoka kwenye unyoya wa kuokota lirudiwe, na kila mfululizo wa vipimo uwe na dume mmoja na jike mmoja wanaojulikana kwa hakika.

Hatua ya tano: chagua alama zinazolingana na swali

Maikrosatelaiti ni vipande vya DNA vinavyojirudia, ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya ndege na ndege. Alama 10 hadi 20 za aina hii hutosha kuthibitisha wazazi katika kundi lenye anuwai ya kawaida. Kwa bahati mbaya, makundi yanayohitaji msaada zaidi ndiyo yenye anuwai ndogo zaidi, na humo alama 10 zinaweza kuwa na aleli mbili mbili tu, zisiweze kuwatenganisha madume wawili ambao ni ndugu. Aidha, urefu uliosomwa katika maabara moja huweza kutofautiana kidogo na ule wa maabara nyingine, jambo linalosumbua programu inayoendeshwa katika nchi kadhaa kwa miongo mingi.

Snipu, yaani mahali katika jenomu ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana, hazina tatizo hilo la kulinganisha. Mia chache zilizochaguliwa vizuri hutosha kwa uzazi, na maelfu kadhaa hukadiria undugu kwa usahihi mzuri. Jenomu nzima huonyesha hata vipande virefu ambamo nakala mbili za ndege mmoja ni sawa kabisa. Vipande virefu ni dalili ya wazazi waliokuwa ndugu wa karibu hivi karibuni, na vifupi hutokana na kufinywa kwa kundi zamani.

Kwa maoni yangu, programu inayoanza leo inafaa kwenda moja kwa moja kwenye snipu, isipokuwa kama tayari ina miaka mingi ya data za maikrosatelaiti zilizo safi. Katika hali hiyo isizitupe, bali ipime ndege kadhaa kwa njia zote mbili ili data za zamani na mpya ziunganike.

Hatua ya sita: hakiki data kabla ya kuiamini

Rudia angalau sampuli moja katika kila 20 bila kuiambia maabara ni zipi. Weka kichupa kisicho na DNA katika kila mfululizo. Tafuta sampuli mbili zenye matokeo yanayofanana kabisa, maana karibu kila mara huyo ni ndege mmoja aliyechukuliwa mara mbili kwa namba tofauti. Kisha pima familia ambazo uzazi wake hauna shaka, kwa mfano jozi iliyokaa peke yake na kulea makinda wake, na uangalie ni alama zipi zinazokataa wazazi wa kweli. Alama hizo ni mbovu, ziondoe.

Kuna mtego mmoja ambao ni wa ndege hasa. Alama ikiwa kwenye kromosomu Z, jike ana nakala moja tu, nayo aliipata kwa baba yake. Mchambuzi asiyejua hilo ataona mama mwenye aleli moja na binti mwenye aleli nyingine, naye atatangaza kwamba mama si mama. Ukiona alama ambayo majike wote wanaonekana kuwa na aleli moja na madume wengi wana mbili, usiihesabu pamoja na nyingine.

Hatua ya saba: thibitisha wazazi

Kila kinda hupokea aleli moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Tuseme katika alama fulani mama ana aleli za urefu wa 142 na 150, na kinda ana 142 na 158. Aleli ya 142 ni ya mama, basi 158 lazima itoke kwa baba. Dume wa kwanza, aliyeandikwa kitabuni, ana 150 na 154. Wa pili, aliyekuwa kizimba cha pili chenye wavu uliochanika, ana 158 na 162. Kwa alama hii dume wa kwanza amekataliwa na wa pili amekubalika.

Hata hivyo, usimwondoe baba kitabuni kwa alama moja. Fikiria alama nyingine ambapo dume anaonekana kuwa 195 na 195, na kinda ni 201 na 201. Huo unaonekana kuwa ukinzani mkubwa kabisa, lakini huenda wote wawili wanabeba aleli isiyosomeka kwenye mashine, dume akiwa 195 na aleli fiche, na kinda 201 na aleli hiyo hiyo fiche. Subiri ukinzani katika alama tatu au zaidi, na uangalie kama kuna dume mwingine anayekubalika katika alama zote. Programu za kompyuta kama CERVUS na COLONY hufanya hesabu za uwezekano na kuzingatia makosa ya maabara, lakini zinahitaji uzipe orodha kamili ya madume waliokuwapo. Baba wa kweli asipokuwamo kwenye orodha, programu inaweza kumchagua ndugu yake.

Mabadiliko yakithibitishwa, yaingize kitabuni pamoja na tarehe na sababu, na uhifadhi ingizo la zamani mahali linapoonekana. Baba mmoja akibadilika, hesabu za wajukuu na vitukuu wote hubadilika, na mara nyingine jozi iliyopangwa jana inakuwa ya kaka na dada.

Hatua ya nane: pima undugu wa waasisi

Hesabu za nasaba huanza kwa kudhani kwamba waasisi hawana undugu wowote. Dhana hiyo ni rahisi, na kwa spishi iliyokuwa imebakiza ndege wachache mwituni mara nyingi si kweli. Kondori wa California, Gymnogyps californianus, alibaki na ndege 22 tu mwaka 1982. Wa mwisho aliyekuwa huru alikamatwa mwaka 1987, na spishi nzima, ndege 27, ikawa kifungoni. Waasisi walikuwa 14. Uchambuzi wa alama za DNA uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba waligawanyika katika koo tatu, na tangu hapo upangaji wa jozi uliweza kuzingatia ukoo, si jina la mwasisi peke yake.

Ukipata makadirio ya undugu kati ya waasisi, usiyapachike kitabuni yakiwa mabichi. Makadirio hayo ni ya kulinganisha tu, yanapima undugu dhidi ya wastani wa kundi lenyewe, ndiyo maana baadhi huwa chini ya sifuri. Undugu hapa ni uwezekano kwamba aleli moja iliyochukuliwa kwa bahati kwa kila ndege kati ya wawili zimetoka kwa mhenga mmoja. Anza na ndege ambao undugu wao unaujua: kaka na dada kamili, ambao undugu wao ni 0.25, na wa mzazi mmoja, ambao ni 0.125. Tazama maabara inawapa tarakimu gani na zinatawanyika kiasi gani. Ikiwa kaka na dada wanaojulikana wanapata kuanzia 0.10 hadi 0.40, basi tarakimu ya 0.15 kati ya waasisi wawili haina maana ya pekee. Hapo ni busara kutumia makundi mapana, yaani wasio ndugu, ndugu wa mbali, na ndugu wa karibu, mpaka upate alama nyingi zaidi.

Hatua ya tisa: chunguza machotara

Fezanti wa Edwards, ndege wa misitu ya Vietnam, amefugwa kwa muda mrefu, na vipimo vya DNA vilionyesha kwamba baadhi ya waliofugwa walikuwa na damu ya fezanti wa Swinhoe. Kumbuka kwamba DNA ya mitokondria, iliyo nje ya kiini cha seli, hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo chotara ambaye mama zake wote ni wa spishi sahihi atapita kipimo hicho bila kuonekana. Tumia alama za kiini pia, na ulinganishe na vielelezo vya makumbusho vilivyokusanywa mwituni.

Hatua ya kumi: kokotoa undugu wa wastani

Hiki ndicho kipimo kinachotawala usimamizi wa kisasa. Kwa kila ndege, kokotoa undugu wake na kila ndege aliye hai kundini, yeye mwenyewe akiwamo, kisha chukua wastani. Ndege mwenye tarakimu ndogo ana ndugu wachache na hubeba aleli adimu. Ndege mwenye tarakimu kubwa amekwisha kuwakilishwa vya kutosha.

Wastani wa tarakimu hizo kwa kundi zima ukitolewa kwenye moja, hupatikana anuwai iliyobaki. Wastani wa 0.10 maana yake ni asilimia 90. Ukigawanya moja kwa mara mbili ya wastani huo, unapata tano, yaani kundi lako, hata likiwa na ndege 200, lina anuwai sawa na ya waasisi watano wasio ndugu. Tarakimu hii huwashtua wasimamizi wengi mara ya kwanza, na ni vizuri iwashtue mapema.

Mwangalie kwa namna ya pekee mwasisi aliye hai mwenye watoto wachache. Mtoto mmoja hubeba nusu tu ya aleli zake, watatu hubeba asilimia 87.5, watano karibu asilimia 97. Jike mzee aliyezaa mtoto mmoja tu akifa leo, nusu ya alichokileta kutoka mwituni inakufa naye.

Hatua ya kumi na moja: panga majozi

Panga madume na majike katika orodha mbili, kila moja ikianzia kwa mwenye undugu wa wastani mdogo zaidi. Oanisha wa juu na wa juu, ukikwepa ndugu wa karibu. Makinda wa kaka na dada wana kiwango cha uzaliano wa ndugu cha 0.25, na wa binamu wa kwanza 0.0625. Programu nyingi hukataa jozi ambayo makinda wake watazidi 0.125, ingawa katika kundi dogo sana itakubidi ukubali zaidi kuliko kuacha ndege wa thamani bila kuzaa.

Epuka kumwoanisha dume wa 0.04 na jike wa 0.18 kwa kufikiri kwamba watasawazishana. Makinda wao watakuwa na aleli adimu na za kawaida zilizofungwa pamoja, na hutaweza kuongeza zile adimu bila kuongeza pia zile ambazo zimejaa. Baada ya kila jozi kokotoa upya kana kwamba wamekwisha kuzaa, kwa kuwa nafasi ya kila ndege hubadilika kwa uzazi wa wengine.

Na hapa mtunza ndege asikilizwe. Jozi bora kwenye karatasi huenda ikapigana, au jike asikubali kupandwa. Toa machaguo matatu kwa kila ndege, ili mtunzaji awe na pa kuchagua. Jozi iliyokwisha kuzaa kupita kiasi isitenganishwe bila sababu. Badilisha mayai yao na ya bandia, au uwatumie kulea mayai ya jozi adimu.

Hatua ya kumi na mbili: usiwinde aleli mbaya kwa pupa

Miongoni mwa kondori kuna aleli inayosababisha ulemavu wa mifupa: mwenye nakala moja haonyeshi dalili, na kiinitete chenye nakala mbili hufa. Utafiti wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba aleli hiyo ilikuwa asilimia 9 hivi ya nakala zote za jeni hiyo kundini. Jawabu la haraka lingekuwa kuwazuia wote wanaoshukiwa kuibeba wasizae, lakini hilo lingewaondoa zaidi ya nusu ya ndege, pamoja na aleli nyingine zote njema walizokuwa nazo. Ushauri wa watafiti ulikuwa kuendelea kupanga kwa undugu wa wastani na kukwepa kuwaoanisha wabebaji wawili. Fuata mfano huo. Ukijua mbebaji kwa kipimo cha uhakika, mwoanishe na asiyebeba, na uchague miongoni mwa makinda. Usichague ndege kwa jeni moja ya kinga ya magonjwa, hata ikisifiwa vipi, kwa maana utakuwa unabana jenomu yote iliyobaki.

Hatua ya kumi na tatu: wasiliana na kundi la mwituni, na utunze sampuli

Njiwa waridi wa Morisi alishuka hadi ndege kama 10 mwituni karibu na mwaka 1990, kisha akaongezeka kupita 400. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mmomonyoko wa kijenetiki uliendelea hata baada ya idadi kupona, na kwamba njiwa wanaofugwa katika bustani za wanyama wanaweza kurudisha aleli zilizopotea mwituni. Ndiyo sababu kundi la kufugwa lisihesabiwe kuwa limemaliza kazi yake mara ndege wa kwanza wanapoachiliwa. Waachilie wale ambao aleli zao zimesalia pia kizimbani, na kila mwaka ulinganishe orodha za pande zote mbili.

Mwisho, hifadhi sampuli zote, hata za ndege ambao hakuna swali juu yao. Mwaka 2021 watafiti wa San Diego walichapisha kwamba, walipokuwa wakipitia data za uzazi za kondori, walikuta makinda wawili wa kiume ambao hawakuwa na aleli hata moja ya dume yeyote. Kila alama yao ilikuwa na nakala mbili za aleli moja ya mama. Walikuwa wametoka katika mayai yasiyorutubishwa, na mama zao walikuwa wakiishi na madume wenye uwezo wa kuzaa. Kitabuni kila mmoja alikuwa ameandikiwa baba. Mmoja alikufa mwaka 2003 na mwingine mwaka 2017, na kilichobaki kuwasomea ni sampuli zao zilizokuwa zimehifadhiwa.